Bakuli la Mbegu ya Yogati

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu Kemi, naikumbuka kwa magoti kwanza kabla ya kichwa. Nusu ya siku ile niliipitisha nimesimama juu ya kreti ya soda, ndani ya kibanda changu pale Omurushaka, nachungulia juu ya pazia nione ni nani anaingia kwa Adelina, ng'ambo ya barabara. Nikishuka, nafunua sufuria la yogati, naonja, nafunika, napanda tena kreti. Jioni magoti yaliuma kama ya bibi kizee, na mimi nilikuwa msichana ambaye hata kuposwa hajaposwa.

Usiniambie nikae. Sikai. Unanijua miguu yangu haitulii, na ukinikalisha kwenye hicho kiti chako cha plastiki maneno yote yatanipotea. Wewe endelea kuosha vikombe vyako, mimi nitasimama hapa mlangoni. Na hicho nilichokibeba kwenye kapu usikichungulie, nitakwambia ukitoe wakati wake ukifika.

Jana nilipokuja hapa Kayanga nilikukuta unamhudumia mama mmoja. Ulimwambia "karibu sana mama" huku macho yako yako kule, kwa yule kijana wa Bukoba aliyefungua duka la yogati ya barafu mkabala na lako. Ukammiminia asali mpaka ikafurika kikombe, ukashtuka aliposema, "Dada, inatosha jamani!" Alipoondoka ukanigeukia, hukunipa hata shikamoo, ukaanza: "Shangazi, yule anaweka senene juu ya yogati! Watu wamejaa! Na mimi kuanzia kesho naweka senene, tena naongeza uchachu mpaka watoe machozi." Mawe, mama yangu! Panzi wa kukaanga juu ya yogati ya barafu! Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Ukaniambia pia kwamba siku alipofungua duka alikuja kukusalimia, na wewe ukajifanya unaongea na simu. Hapo sikucheka tena. Nilirudi nyumbani sina raha, maana nilikuwa nimejiona mimi mwenyewe juu ya lile kreti.

Basi sikiliza.

Umeme ulikuwa umefika Omurushaka juzi tu. Babu yako, yaani baba yangu, alikuwa na shamba la migomba na kahawa kule Chonyonyo, na kwa akili yake binti ni wa shambani mpaka atakapoolewa. Nilimlilia, nikamsumbua, nikamtumia wazee, mpaka akakubali nifungue kibanda cha maziwa mjini. Lakini alinipa sharti moja, tena akalisema mbele ya wote. "Jasinta, kipaimara cha mdogo wako nitakuja huko mwenyewe, na wageni watakula hiyo yogati yako. Nikiridhika, utabaki. Nisiporidhika, unafunga mlango, unarudi nyumbani kuvuna kahawa, na habari za mjini sitaki kuzisikia tena." Baba hakuwa mtu wa kusema mara mbili. Na mimi, Mungu anisamehe, niliipenda ile harufu ya barabara na watu kuliko kitu chochote duniani. Kurudi Chonyonyo kuinama chini ya mibuni mwaka hadi mwaka, niliona ni kuzikwa nikiwa hai.

Yogati yangu ilitoka Kaisho, kwa shangazi yangu, dada wa baba. Tulimwita Shangazi Koku. Huyo alifuga ng'ombe na alikuwa na kibuyu chake cha kugandishia maziwa, amekifukiza moshi kwa miaka mpaka kimekuwa cheusi kwa ndani. Maziwa yakigandishwa ndani yake yalikuwa mazito, machachu, na kwa mbali unasikia moshi. Baba aliponiruhusu kufanya biashara, shangazi alinipa kidogo cha mgando ule niwe natilia kwenye maziwa mapya. Hiyo ndiyo tuliyoiita mbegu. Unachemsha maziwa, unayaacha yapoe yawe vuguvugu, unatia mbegu, unafunika na blanketi, unaondoka. Yakishaganda, unachota kidogo cha kesho, na yanayobaki unayatia sukari na kuyaweka kwenye friza. Mbegu ile Shangazi Koku aliipata kwa mama yake, na mama yake aliipata alikoipata. Ilikuwa na umri kutushinda wote.

Nyie mnadhani uchachu umeanza na nyie! Wakati ule wanafunzi wakitoka shule walikuwa wanashindana nani atakula kikombe kizima bila kukunja uso. Anayekunja ananunulia wenzake. Wenye baiskeli za mizigo nao, wanaume wazima na ndevu zao, wanapaki hapo nje, wanameza huku wamekaza mashavu, macho yamewatoka. Mji mzima ulikuwa na wazimu wa yogati chachu, na mlango ulikuwa mmoja tu, wangu.

Ndipo akaja Adelina.

Alitoka Muleba. Mumewe alihamishiwa kazi ofisi za serikali, nao wakapanga nyumba mkabala na kibanda changu. Wiki ile ile alivuka barabara, akanisalimia vizuri, akaniambia hana mtu anayemjua hapa, anapenda kugandisha maziwa lakini kwao wanajua samaki na ndizi tu, maziwa hawayajui. Je, ninaweza kumpa mbegu? Sasa mwanangu, kwetu huwezi kumnyima jirani mbegu ya maziwa. Huwezi. Ni kama kumnyima moto wa kuwashia. Na yeye alikuja mikono mitupu, mgeni, vyombo vyake bado viko kwenye maboksi, kwa hiyo nikamtilia kwenye bakuli langu mwenyewe, lile la bati jeupe lenye ua jekundu. Nikampa na maelekezo. Nikarudi kazini na moyo mweupe kabisa.

Baada ya muda nikaona mafundi wanatoboa ukuta wa nyumba yake upande wa barabarani. Wakaweka dirisha. Wakaleta friza yenye mlango wa kioo, kitu ambacho Omurushaka kilikuwa hakijaonekana. Kisha nikaona kibao: YOGATI YA BARAFU.

Haki ya nani nilihisi damu inapanda mpaka masikioni. Kwa mbegu yangu! Ya shangazi yangu! Na bakuli langu hakulirudisha. Hilo ndilo lililonichoma kuliko hata friza ya kioo. Unajua desturi, chombo cha jirani unakirudisha, tena na kitu ndani, hata kama ni chumvi, hata kama ni ndizi mbili. Adelina alikaa na bakuli langu kimya, siku zikapita, mwezi ukapita. Nikajiambia, ananidharau. Mke wa afisa, anaona bakuli la bati la msichana wa Chonyonyo si kitu cha kuvukia nalo barabara.

Tangu hapo sikulala usingizi wa maana. Nilinunua pazia, nikatafuta kreti. Wanafunzi wakienda kwake, nasema ni kwa sababu ya uchachu, nikaongeza uchachu. Nikiona kazidisha watu, nasema labda ni utamu, nikaongeza sukari. Siku nyingine nikaweka pasheni, kesho yake karanga, keshokutwa nikaviacha vyote. Yogati ikichelewa kuganda sikuwa na subira, nafunua blanketi, natikisa sufuria, naingiza kijiko, nafunika, baada ya muda mfupi nafunua tena. Nikakamulia na limao ili uchachu uje haraka, maziwa yakakatika, nikayachuja, na yale yale yaliyokatika nikachota humo mbegu ya kesho! Yaani mwanangu, nilikuwa kama mtu anayefukua kiazi kila asubuhi aone kimekua kiasi gani.

Wateja wangu wa zamani walinionea huruma, na huruma ya mteja ni mbaya kuliko matusi. Mzee mmoja muuza viatu alikuwa anakula nusu anaiacha, ananiambia, "Binti, leo nimeshiba." Kila siku ameshiba.

Ikabaki wiki moja kabla ya kipaimara. Ndiyo siku ile ya magoti. Nikiwa juu ya kreti naona pikapu ya maziwa kutoka Kaisho imesimama, anashuka Shangazi Koku, kajifunga kanga zake mbili, kibegi kwapani. Moyo wangu ulifurahi! Nikasema sasa nimepata mtu wangu, atanitetea. Shangazi akatazama huku, akatazama kule. Kwa macho yangu mawili nikamwona anaingia kwa Adelina.

Nilitaka kupasuka. Alikaa humo, akala taratibu, akapangusa mdomo, akaagana na Adelina kwa mikono miwili, ndipo akavuka kuja kwangu. Nikamwamkia, "Shikamoo shangazi," lakini sauti ilikuwa ya mtu aliyenuna. Hakujibu salamu kwanza. Akaenda moja kwa moja kwenye sufuria, akafunua, akanusa, akachovya kidole, akatema nje.

"Jasinta," akasema, "kibuyu changu kilipasuka masika haya. Sina mbegu. Nimekuja kuichukua kwako."

Nikafunika sufuria.

"Hii siyo," akasema, anaonyesha sufuria. "Hii siijui. Hii imekufa. Ile ya mwenzako kule ndiyo ya mama yangu. Nimeitambua ilipogusa ulimi tu, nusura nilie mbele za watu. Imefikaje kule?"

"Nilimpa mimi," nikasema, na machozi yakaanza kunitoka. "Nilimpa, akafungua duka, na bakuli langu hajarudisha mpaka leo, shangazi, ananidharau!"

Nilitegemea Shangazi Koku atanikumbatia. Weee! Alinifokea mpaka muuza viatu akasimama kusikiliza. "Unalilia bakuli! Mama yangu ameniachia kitu kimoja duniani, kilikuwa na makao mawili, kwangu na kwako. Kwangu kimemwagika. Kwako umekiua kwa kukisumbua. Kama usingempa huyu mama tungekuwa tumekipoteza moja kwa moja. Na wewe umesimama kwenye kreti unamlaani! Shuka huko. Chukua chombo, uvuke barabara, ukaombe."

"Siendi."

"Basi Jumapili mtilie baba yako haya maji ya limao."

Akakaa kwenye gunia la sukari, akafumba macho kama mtu anayesinzia. Nikazunguka kile kibanda, nikazunguka. Nikaona migomba ya Chonyonyo, nikaona mibuni, nikaona mgongo wangu umeinama. Barabara ile unaivuka kwa kupumua mara chache tu, lakini siku ile iliniwia ndefu kuliko njia ya Bukoba. Nilivuka mikono mitupu. Kwa hasira hata chombo nilisahau.

Adelina alikuwa anapangusa kioo cha friza. Aliponiona, kitambaa kilimwanguka. Nikasema haraka haraka kabla ujasiri haujaisha, "Mama, mbegu yangu imekufa. Naomba unigawie."

Aliingia ndani. Nikasikia anafungua kabati, nikasema sasa ndiyo ananiacha nimesimama hapa watu wanione. Akatoka na bakuli langu. Limeoshwa, limefunikwa kwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe pembeni. Akaliweka mbele yangu.

"Hili nimelitoa kabatini kila wiki," akasema. "Nalirudishaje, dada yangu? Tupu siwezi, utaniona sina adabu. Nikaweka ndizi, nikasema atasema nimemletea ndizi mtu mwenye shamba. Nikasema niweke yogati. Lakini yogati ya mbegu yako mwenyewe, nikuletee wewe! Si ungesema nakutambia? Nikawa naliosha, nalirudisha kabatini. Kila nikikutazama naona pazia lako linacheza, najua umenikasirikia."

"Ulikuwa unanitazama?"

Akanionyesha. Nyuma ya friza, kwenye pazia lake zuri la maua, kulikuwa na tundu la ukubwa wa jicho. Jamani! Nilicheka, naye akacheka, halafu tukalia kidogo, kisha tukacheka tena. Mwezi mzima, wanawake wawili wenye akili timamu, huyu kwenye kreti, huyu kwenye tundu!

Nilipotulia nikamuuliza anafanyaje yogati yake isiharibike, anaweka nini. Akanitazama kama vile namtania. "Siweki kitu. Mimi maziwa siyajui. Nafanya ulivyoniambia. Ulisema: ukishatia mbegu, funika, usitikise, usifunue, usiionje, nenda kafanye kazi nyingine, yenyewe inajua. Mimi naogopa hata kupita karibu nayo."

Mwanangu, yalikuwa maneno yangu. Nilimpa siku ile mlangoni pamoja na bakuli, halafu mimi nikabaki bila hayo maneno.

Alijaza lile bakuli. Shangazi Koku akachota ya kwake, akafurahi kama mtoto, akapanda pikapu kurudi Kaisho amelikumbatia kopo lake njia nzima. Mimi nikachemsha maziwa ya kipaimara, yakapoa, nikatia mbegu, nikafunika. Na papo hapo mikono ikaanza kuniwasha. Nilijijua. Nikikaa mle ndani, nitafunua. Nikasimama, nikafunga kibanda kwa kufuli, nikavuka, nikamkabidhi Adelina ufunguo. "Usinipe hata nikilia," nikamwambia. Nikaenda mazoezi ya kwaya, nikaimba vibaya, mwalimu akaniuliza kama naumwa. Nikarudi, nikamwomba ufunguo. Akakataa. Nikamwomba tena kwa kumbembeleza. Akaniambia, "Dada Jasinta, nenda zako." Akautia kwenye kifua chake. Ufunguo wa riziki yangu yote, kwa mtu niliyekuwa namlaani tangu mwezi uliopita! Aliponipa kesho yake, niliinua blanketi nikaona uso wa maziwa umetulia, mweupe, umeshikana, hakuna hata ufa. Nilipiga kigelegele peke yangu.

Siku ya kipaimara baba alikuja na viatu vyake vya kanisani. Baba yako wewe, Kemi, ndiye aliyekuwa anapokea kipaimara, kavaa suti inayombana mpaka hawezi kuinua mikono. Watu wakala ndizi na nyama, wakanywa, kisha nikaleta vikombe. Baba akapokea chake, akaonja. Uso wake haukukunjika hata kidogo. Akamaliza, akakwangua chini, akaendelea kukwangua kikombe kitupu. Nimesimama pale sijui miguu yangu iko wapi. Mwishowe akaweka kijiko.

"Haya," akasema, hata hakunitazama. "Kahawa tutavuna bila wewe."

Nikakimbilia nyuma ya nyumba kulia.

Na bakuli? Nililirudisha kwa Adelina Jumatatu yake, nimetia karanga za kukaanga. Akalirudisha na dagaa. Nikalipeleka na mayai. Ikawa hivyo miaka yote, mpaka hatukujua tena ni la nani. Yeye aliuza na mimi niliuza, siku wanajaa kwake, siku wanajaa kwangu, na zipo siku tulikosa wateja wote wawili, tukakaa barazani tunakula mali yetu wenyewe. Mume wake alipostaafu waligoma kurudi Muleba. Bakuli likaendelea kuvuka.

Mwaka huu, mfungo wa Kwaresima ulipoisha, alinirudishia likiwa na senene. Ndiyo, senene, usicheke. Nikawa nafikiria nimrudishie na nini. Nikasema kesho, nikasema kesho kutwa. Alhamisi moja nikaitwa, nikaambiwa Adelina hayupo tena. Bakuli lilinikuta mimi, mwanangu. Lipo kwangu, na wa kumrudishia sina. Tangu msiba ule naliosha, nalirudisha kabatini, kama alivyokuwa akifanya yeye.

Sasa weka hivyo vikombe chini, unitazame. Nitakwambia mara moja kisha niende zangu, pikipiki inanisubiri.

Duka lako litazame wewe. La mwenzako litazamwe na mwenyewe. Ukigeuza mkono wako kila unapomwona mtu kaingia kule, utaua kile ambacho watu walikifuata kwako, na hutajua kimekufa saa ngapi. Kuna kazi ya kukoroga, ikoroge kwa nguvu zako zote. Kuna kazi ya kuacha, iache, hata ukalazimika kumpa mtu ufunguo. Unachofanya vizuri wewe kifanye hivyo hivyo, na kama ni senene, siku moja waweke kwa sababu unawapenda, siyo kwa sababu yake. Jirani akija kukusalimia, weka simu chini. Akikuomba, mpe. Na unapomfundisha kazi, nawe yasikilize yanayotoka mdomoni mwako, maana utayahitaji. Na usimhukumu mtu kwa chombo ambacho hajarudisha, mpaka umevuka ukamuuliza.

Haya, toa hicho kwenye kapu. Taratibu. Ua limefutika, lakini ukiligeuza kwenye mwanga utaliona. Nimetia ndani mbegu, ni ile ile ya Shangazi Koku, niligandisha jana nilipotoka hapa, na sikufunua. Chota ya kwako kwanza. Inayobaki, jifute mikono, uvuke, umpelekee yule kijana. Usiniulize utamwambia nini. Mwambie limetoka kwa Adelina.

Mungu akutulize mikono, mwanangu, ayashike maziwa yako yasikatike, akupe mlango unaofunguliwa na watu wenye njaa na jirani asiyelala na bakuli lako bila kulikumbuka. Uishi mpaka na wewe usimame mlangoni kwa mtoto mwingine, miguu haitulii, umechelewa pikipiki. Nenda sasa. Vuka, nikiwa bado nakuona.